Kazi ya Mwisho ya Obed

Siku Fundi Faraji alipopiga simu, Beatrice alikuwa kwenye migomba nyuma ya nyumba yao kule Masoko, anakata majani ya ng'ombe. Fundi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwambia kwamba ile kazi ya mwisho ya Obed, sanamu aliyoimaliza wiki ileile aliyofariki, imewekwa kwenye jumba jipya la sanaa pale Tukuyu mjini, watu wanakuja kuitazama, na maonyesho yanakaribia kufungwa. Akamwomba amlete mzee, baba yao. Beatrice aliitikia ndiyo, ndiyo, mundu mkononi, na simu ilipokatika akakaa palepale juu ya majani mabichi.

Obed alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao. Alitoka Masoko akiwa kijana, akaenda kujifunza useremala kwa Fundi Faraji, ambaye babu yake alihamia Tukuyu kutoka Kilwa na ambaye karakana yake inajulikana kwa milango na vitanda. Vitanda Obed aliviweza, lakini mkono wake ulipenda zaidi kuchonga. Fundi angeweza kumkatalia, maana kuchonga hakulipi kama kitanda cha bibi harusi. Badala yake alimwachia vipande vya mbao za mringaringa vilivyobaki, akamwambia achonge baada ya saa za kazi.

Wakati huo baba yao, mzee Lazaro, alikwisha kupofuka. Presha ya macho ilimchukua jicho moja, kisha la pili, kama ukungu unavyoshuka Rungwe, ila huu haukuinuka tena. Kwa hiyo kazi za mwanawe hakuwahi kuziona hata moja. Alizijua kwa mikono. Kila Obed alipokuja nyumbani alikuja na kitu kimefungwa kwenye kitambaa, akamwekea baba yake mapajani na kumwambia, "Tata, nitajie." Mzee alipapasa kwa utaratibu, akacheka peke yake, akataja: huyu ni kuku anaatamia, huyu ni mzee wa kanisa wetu, namjua kwa kitambi. Akikosea, Obed alirudi na sanamu ileile mjini akaisahihisha, akisema kosa ni la mchongaji.

Kisha Obed akapanda bodaboda kutoka Isongole siku moja ya ukungu mzito, na Tukuyu hakufika. Sanamu ya mwisho ikabaki karakana. Alikuwa amewaambia tu kwenye simu kwamba safari hii anachonga mtu wa nyumbani. Beatrice na baba yake waliamini pasipo shaka kwamba mtu huyo ni mama yake Beatrice na Obed, Tupokigwe, aliyefariki watoto wakiwa wadogo na ambaye hakuacha picha yoyote.

Walisafiri watatu: Beatrice, baba yake, na Sekela, binti yake Beatrice aliyekuwa darasa la pili. Mumewe Ambwene alibaki kwa ajili ya ng'ombe aliyekaribia kuzaa. Mzee Lazaro alivaa koti lake la kanisani, na Sekela akavalishwa gauni la Krismasi ingawa lilikuwa limeanza kumbana kwapani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, kama kawaida ya huku, na mpaka wafike barabarani kupata gari miguu yote sita ilikuwa na tope. Waliposhuka Tukuyu Beatrice aliwasimamisha kando ya mtaro, akawasafisha viatu kwa jani la mgomba, kimoja kimoja, akaridhika.

Jumba lenyewe lilikuwa nyumba ya zamani ya mawe, juu kidogo ya soko, iliyopakwa rangi upya na kuwekewa sakafu inayong'aa. Mlinzi wa mlangoni alitazama viatu vyao kabla ya kutazama nyuso zao. Alisema fimbo haiingii ndani, itagonga vitu. Beatrice akamweleza kwamba mzee haoni na fimbo ndiyo macho yake. Mlinzi akajibu kwamba yeye hakutunga hizo sheria, akaichukua na kuiegemeza ukutani nje, mvua inapochirizika. Ikabidi Beatrice amshike baba yake kiwiko.

Nyuma ya meza alikaa msichana aliyevaa sare nadhifu, jina lake Lilian limeandikwa kifuani. Mzee Lazaro alimwamkia kwa sauti ya upole, akiwa amegeukia kidogo upande ambao msichana hayuko. Lilian hakuitikia. Aliuliza wanamtafuta nani. Beatrice akasema hawamtafuti mtu, wamekuja kuona sanamu, na akatoa viingilio. Lilian alimtazama mzee kuanzia kofia mpaka viatu, akasema kwa sauti iliyosikika hadi chumba cha pili:

"Sasa huyu babu anakuja kuangalia nini?"

Kulikuwa na wageni wawili watatu waliovaa vizuri, wametoka Mbeya au mbali zaidi. Mmoja wao alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Beatrice alihisi masikio yanamwaka moto. Alitaka kujibu, lakini baba yake alimbonyeza mkono, na yeye akaelewa kwamba mzee hakuja hapa kugombana.

Waliingia. Lilian aliwafuata nyuma na kitambaa cha kupigia deki, akifuta kila walipokanyaga, japo viatu vilikuwa vimeshakauka. Alimwambia Sekela akunje mikono. Alimwambia Beatrice asimame mbali na picha. Wale wageni wengine walipita huku na huku na vikombe vya kahawa mkononi, na hakuna aliyewaambia neno.

Sanamu ya Obed ilikuwa chumba cha mwisho, karibu na dirisha, juu ya kiti kirefu cha mbao. Ilifikia kimo cha mtoto anayeanza kutembea. Ilikuwa mwanamke anayetembea, amegeuza shingo kutazama nyuma, mkono mmoja umenyooka kinyumenyume na umeshika ncha ya fimbo. Chini yake palibandikwa jina la Obed, na la sanamu: Mwanamke na Fimbo. Beatrice aliutafuta uso wa mama yake. Alijaribu kukumbuka pua, kidevu, namna kilemba kilivyokaa, lakini kumbukumbu yenyewe ilikuwa imechakaa, na machozi yakamziba. Akanong'ona kwamba wamefika, kwamba iko hapa mbele. Akauchukua mkono wa baba yake na kuupeleka.

Vidole vya mzee vilikuwa ndiyo kwanza vinagusa bega la sanamu Lilian alipoupiga mkono ule. Lilikuwa kofi jepesi, kama anavyopigwa mtoto anayechovya kidole kwenye mchuzi, lakini lililia chumba kizima. Akasema wao watu wa shamba wana nini, hawajui kusoma, imeandikwa usiguse.

Msimamizi wa jumba, bwana aliyeitwa Prosper, akatokea ofisini. Hakuuliza kilichotokea. Aliwaomba radhi wageni wengine kwa Kiingereza, kisha akamgeukia Beatrice kwa Kiswahili na kumwambia kwamba asiyeweza kufuata taratibu asubiri nje.

"Hii kaichonga mdogo wangu," Beatrice alisema. "Huyu ni baba yake."

"Mama, kila anayeingia hapa ana ndugu msanii," Prosper akajibu, na akanyoosha mkono kuelekea mlangoni.

Basi wakatolewa. Mlinzi aliwarudishia fimbo ikiwa imelowa. Sekela alianza kulia taratibu, kilio cha mtoto asiyejua amekosa nini. Mvua ilikuwa imerudi, na wao wakasimama ukingoni mwa barabara bila kujua pa kuelekea, mzee ameushika mkono wake uliopigwa kwa mkono wake mwingine, kama mtu aliyeshika kifaranga.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la vitambaa. Mwenyewe, mama mmoja wa makamo aitwaye Najat, alikuwa kwenye cherehani yake akishona sare za shule. Aliwaona wakiingia na akawaona wakitoka, na alichokiona usoni mwa yule mtoto kilimtosha. Alitoka mpaka barazani na kuwaita.

"Dada, mlete baba ndani. Mvua hii haina adabu, itamlowesha bure."

Aliwakalisha kwenye benchi, akamvua mzee koti lililolowa na kulitundika karibu na jiko la mkaa, akamfunika mabega kwa kipande cha kitambaa kizito alichokichana palepale kwenye jora. Akaleta chai ya tangawizi na chapati za asubuhi alizozipasha moto. Hakuuliza neno mpaka mzee alipomaliza kikombe cha kwanza. Beatrice alikuja kusema baadaye kwamba katika mambo yote ya siku ile, hilo la kutoulizwa ndilo lililomfanya apumue tena.

Alipoulizwa alieleza yote, na alipotaja jina la Obed, Najat aliweka kikombe chini. Akaupiga ubao wa meza yake ya kukatia vitambaa kwa kiganja, ile meza pana iliyojaa chaki na vipande vya nyuzi, akasema kwamba meza hiyo aliitengeneza Obed, akamwongezea na droo ambayo hakuiomba, na kila siku anayoifungua anamwombea rehema. Kisha akamshika mzee Lazaro mikono yote miwili na kumpa pole ya msiba upya, kana kwamba umetokea jana. Mzee, ambaye hakulia ndani ya lile jumba, akalia hapo.

Najat akampigia simu Fundi Faraji. Kumbe Fundi alikuwa amepanga kuwapokea mwenyewe mlangoni, na Prosper alikwishaambiwa kwamba familia ya Obed inakuja. Ama alisahau ama hakujali. Fundi alikuwa amepeleka kitanda Isongole asubuhi, gari likakwama kwenye tope, na simu ikawa haishiki. Najat alipompata aliliacha gari palepale na kitanda juu, akapanda bodaboda. Alifika amelowa chapachapa, kofia yake ya kiua imemgandia kichwani. Alimwamkia mzee, akasikiliza maneno machache ya Beatrice, akavuka barabara.

Yaliyosemwa humo ndani Beatrice hakuyasikia. Hakukuwa na kelele. Baada ya muda kidogo Fundi alitoka ameikumbatia sanamu kifuani, ameifunika kwa shati lake la juu, na nyuma yake alikuja Lilian ameshika mwavuli. Mwavuli ulikuwa juu ya sanamu. Yeye na Fundi walilowa. Prosper alikuwa amekubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba sanamu irudi kabla ya kufunga na kwamba mtumishi wake aende nayo kuiangalia isivunjwe. Fundi alimwambia kwamba sanamu aliipeleka yeye kwa mikono yake na anaweza kuitoa kwa mikono yake. Hayo Najat aliyapata baadaye kwa mlinzi.

Najat alisafisha meza kwa haraka, akaondoa mkasi na sare za watoto. Fundi akaisimamisha sanamu katikati ya meza ile ile aliyoitengeneza Obed, akamsogezea mzee kiti, akamwambia kwa heshima:

"Mzee wangu, kijana wako alitaka kukuletea mwenyewe. Mungu hakupenda. Nitajie mimi, basi, kwa niaba yake."

Mzee Lazaro alijifuta mikono kwenye suruali. Akaanza chini, kama alivyozoea. Alipapasa miguu, akasema huyu anatembea, na anapanda mlima, maana kisigino kimeinuka. Akapanda kwenye vazi, akakuta fundo la kanga kiunoni, akatabasamu. Akaufuata mkono ulionyooka nyuma mpaka kwenye ncha ya fimbo, na hapo akasimama. Alirudia mara kadhaa. Kisha akaomba fimbo yake mwenyewe, ile iliyowekwa mvuani, akaipapasa, akapapasa ile ya sanamu, akaipapasa tena yake.

Beatrice alidhani amechoka. Akamwambia kwamba uso uko juu, umegeuka huku, ataujua ni wa mama. Mikono ya mzee ilipanda shingoni, ikazunguka kidevu, ikapita mashavuni, ikashika masikio. Kwenye sikio la kushoto kidole chake kiliingia kwenye mkato mdogo chini ya ndewe, lile tundu la herini.

"Huyu si mama yako," alisema.

Akarudisha mkono kwenye fimbo ya sanamu.

"Hii fimbo ni yangu. Huyu aliyeishika ananiongoza mimi, ila mimi hakunichonga. Na sikio hili lilichanika penye herini ulipokuwa mtoto, unagombania embe na mwenzako. Huyu ni wewe, Beatrice."

Beatrice alinyanyua mkono, akagusa sikio lake mwenyewe. Akaitazama sanamu kana kwamba imeletwa sasa hivi. Alikuwa ameitazama kwa macho mawili mazima, akaona mtu mwingine. Kumbe Obed, kila alipokuja nyumbani, alikuwa akiwaona wanavyotembea kwenda kanisani, kwenda kisimani, kwenda kwa jirani: Beatrice mbele ameshika ncha ya fimbo na baba nyuma, na yeye akigeuza shingo kila hatua mbili tatu kutazama kama mzee yuko salama. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayeliona jambo hilo. Yeye mwenyewe alikuwa halioni tena. Ilikuwa kazi kama kuchota maji.

Mzee Lazaro aliutafuta mkono wa binti yake hewani mpaka akaupata.

"Obed kasema nilichopaswa kusema mimi," alisema. "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Kwa miaka yote hii."

Beatrice aliinama akaweka paji la uso kwenye bega la baba yake, na Sekela, asiyeelewa ila aliyeona mama analia, akawakumbatia wote wawili kiunoni. Najat alijigeuza kwenye cherehani yake. Fundi Faraji alitoka nje barazani, akasimama kuitazama mvua kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji kutazamwa.

Lilian alikuwa mlangoni muda wote huo, mwavuli umefungwa, maji yanamdondoka. Mzee alipotulia aliuliza kama kuna mtu mwingine humu ndani, maana anamsikia anavyohema. Kisha msichana akasema kwa sauti ndogo kwamba ni yeye, yule wa kule ng'ambo. Akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, jinsi mabinti wa huku wanavyofundishwa nyumbani kwao, akasema, "Shikamoo, babu. Naomba unisamehe."

Beatrice alikaza uso. Kama angeulizwa yeye, angejibu kwamba msamaha usubiri. Lakini hakuulizwa yeye.

Mzee aliitikia marahaba. Akamuuliza jina, na ni binti wa wapi. Akajibu ni Lilian, wa Suma. Mzee akamuuliza ni nani anayeifuta vumbi sanamu hii huko inakokaa. Lilian akasema ni yeye, kila asubuhi kabla ya kufungua. Mzee akamwomba amweleze rangi yake, kwa kuwa rangi mikono haiipati. Msichana akasema kwamba asubuhi jua likiingia dirishani, mti unakuwa kama chai ya rangi iliyomiminwa kwenye glasi, na mikunjo ya kanga inaonekana kama inatikisika. Na watu wakifika hapo huwa wanakaa sana, wanaulizana huyu mwanamke anamtazama nani. Yeye naye hujiuliza.

"Basi nakushukuru," mzee akasema. "Umekaa na mwanangu vizuri kuliko nilivyojua."

Lilian alijifunika uso kwa viganja. Najat akamnyanyua, akampa chai, akamwambia akae karibu na jiko akauke, na msichana akakaa kwenye ncha ya benchi, upande wa pili wa Sekela. Mtoto alimtazama, akamsogezea kipande cha chapati.

Sanamu ilirudi kabla ya kufunga, kama ilivyoahidiwa. Prosper hakuja kuomba radhi, siku ile wala baadaye, na maandishi ya usiguse yako palepale. Maonyesho yalipokwisha, alitokea mtu wa Dar es Salaam aliyetaka kuinunua. Fundi Faraji akasema mwenye sanamu yuko Masoko. Akaileta kwa gari lake, imefungwa kwa kitambaa cha duka la Najat, na Najat mwenyewe amekaa mbele na sufuria la pilau mapajani. Ng'ombe alikuwa amezaa, kwa hiyo maziwa yalikuwepo, na Ambwene aliwapikia wageni mbalaga ya ndizi na maharage kwa mkono wake, jambo lililowashangaza majirani kuliko sanamu.

Jumapili iliyofuata mzee Lazaro aliomba nafasi ya shukrani kanisani. Beatrice alimpeleka mbele, na Ambwene akabeba mkungu wa ndizi. Mzee alimshukuru Mungu, akamshukuru mama Mwislamu wa duka la vitambaa aliyemvua koti lililolowa, akamshukuru Fundi aliyeacha kitanda cha watu kwenye tope. Akamshukuru na binti wa Suma anayejua kufuta vumbi. La kofi hakuligusa. Walipokuwa njiani kurudi Beatrice alimuuliza kwa nini, naye akasema hakulisahau, ila shukrani ni shukrani, mtu hachanganyi mchanga kwenye unga.

Beatrice hakuridhika sana na jibu hilo. Lakini mwezi mmoja baadaye alipokwenda Tukuyu kumpelekea Najat maparachichi ya mavuno, alipokuwa anavuka barabara, Lilian alimwona kutoka mlangoni mwa jumba la sanaa, akashuka ngazi haraka na kumwamkia, akamwuliza hali ya babu. Beatrice aliitikia. Alikuwa na haraka, na kapu lilikuwa zito. Alisimama kidogo hata hivyo, akalitua kapu chini, akachagua maparachichi mawili yaliyoanza kulainika, akampa.